Mafia 1915: Kituo cha Ndege Kilichokuwa Jicho la Manowari

Mzinga wa manowari hurusha kombora mbali kuliko jicho la mpigaji wake linavyoweza kuona vizuri. Baharini, palipo wazi, upungufu huo hupunguzwa kwa kumweka mtazamaji juu ya mlingoti. Lakini adui akijificha nyuma ya kilima, kisiwa au msitu, mlingoti haufai kitu, na kila kombora linalopigwa huwa kama jiwe lililotupwa gizani.

Haja ya kupata jicho la juu zaidi ilikuwa mojawapo ya sababu zilizoyafanya majeshi ya majini yaanze kujenga vituo vya ndege pwani. Uingereza ilifungua kituo cha Isle of Grain mwaka 1912 na kile cha Calshot mwaka 1913. Marekani ilianzisha kituo chake cha Pensacola, katika jimbo la Florida, mnamo Januari 1914. Kituo cha namna hiyo ni mahali ambapo ndege zinazotumikia meli huhifadhiwa, hutengenezwa na kutumwa kazini. Kwa kuwa ndege nyingi za siku zile ziliruka kutoka majini kwa maboya badala ya magurudumu, ghuba iliyotulia ndiyo iliyokuwa uwanja wao.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, elimu hiyo ilikuwa changa sana, tena ilikuwa imejaribiwa zaidi katika nchi za baridi. Jaribio lake gumu katika nchi za joto lilifanyika Mafia, kisiwa kilicho mbele ya delta ya Mto Rufiji.

MANOWARI ILIYOTOWEKA

Manowari ya Kijerumani Königsberg ilifika Dar es Salaam mwezi Juni 1914. Ilikuwa na urefu wa meta 115 hivi na mizinga 10 ya sentimeta 10.5, na nahodha wake alikuwa Max Looff. Vita vilipokaribia iliondoka bandarini, na mwezi Agosti iliteka meli ya biashara ya Kiingereza karibu na pwani ya Omani. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa imetia nanga Unguja ikitengenezwa mitambo yake, ikaizamisha. Baada ya hapo ikatoweka.

Maficho yake yalikuwa delta ya Rufiji. Hapo mto hugawanyika katika matawi mengi kabla ya kufika baharini, na milango yake, kama vile Simba Uranga, Suninga na Kikunya, imezungukwa na msitu wa mikoko ulio mkubwa kupita yote ya Afrika Mashariki. Maji yanapojaa, chombo cha kadiri chaweza kupenya ndani. Yanapokupwa, matope na mafungu hufunga njia. Manowari za Kiingereza zilipoigundua Königsberg mwishoni mwa Oktoba 1914, zilishindwa kuifuata kwa sababu zilihitaji maji yenye kina kikubwa zaidi. Mwezi uliofuata Waingereza walizamisha meli kuukuu iitwayo Newbridge katika mlango mmojawapo ili kuifungia ndani, lakini delta ina milango mingi, na Königsberg ikazidi kusogea juu mtoni.

Wajerumani nao hawakukaa bure. Waliweka askari na bunduki kando ya mito, wakajenga vilingo vya watazamaji juu ya miti, na kuviunganisha na manowari kwa waya za simu. Sehemu za mitambo ya mvuke zilizoharibika zilivutwa nchi kavu na maelfu ya wafanyakazi Waafrika hadi kwenye karakana za Dar es Salaam, zikatengenezwa na kurudishwa kwa njia hiyo hiyo. Majina ya nahodha na maofisa yameandikwa vitabuni. Ya waliovuta vyuma hivyo porini kwa kamba hayakuandikwa.

NDEGE ZA KWANZA ZASHINDWA NA JOTO

Ndege ya kwanza kutumiwa ilikuwa mashua ya kuruka ya Kimarekani aina ya Curtiss, mali ya rubani wa kiraia, H. D. Cutler, aliyekuwa akifanya maonyesho huko Durban. Ililetwa melini hadi Niororo, kisiwa kidogo kilicho karibu na Mafia, mnamo Novemba 1914. Rejeta ya injini yake haikustahimili joto. Inasimuliwa kwamba ilibidi rejeta ya motokaa ya Ford iletwe kutoka Mombasa ili ndege iweze kuruka tena. Cutler alifaulu kuiona Königsberg kutoka angani, akathibitisha kwamba jicho la juu lilikuwa dawa ya tatizo lile. Lakini tarehe 10 Desemba injini ilimharibikia akiwa juu ya delta, akalazimika kutua mtoni na kutekwa.

Mwezi Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia. Mwezi Februari kikafika kikosi cha ndege cha jeshi lao la majini chini ya John Tulloch Cull, kikiwa na ndege mbili za maboya aina ya Sopwith. Hizi nazo hazikufua dafu. Ilikuwa majira ya kaskazi, wakati joto la pwani linapofikia kilele. Gundi iliyoshikilia mbao ililegea, rafadha zikapasuka, maboya yakavuja. Hata zilipotengenezwa vizuri, ndege hizo zilikimbia juu ya maji kwa mwendo mrefu bila kuweza kunyanyuka pamoja na rubani, mtazamaji, mafuta na mabomu.

Baadaye zikaletwa ndege tatu za maboya aina ya Short, zenye injini zenye nguvu zaidi. Mwishoni mwa Aprili, Cull aliruka na mojawapo hadi juu ya Königsberg na kuipiga picha. Hata hivyo, ndege hiyo haikuweza kupanda zaidi ya meta 300, na kutoka chini ya mikoko askari waliipiga kwa bunduki kama wawindaji wanavyopiga kanga.

KWA NINI HEWA YA PWANI HUICHOSHA NDEGE

Mbawa za ndege hubebwa na hewa inayopita juu na chini yake. Kadiri hewa ilivyo nzito, ndivyo inavyobeba zaidi. Katika usawa wa bahari, penye joto la digrii 15 za sentigredi, meta moja ya ujazo ya hewa kavu ina uzito wa gramu 1,225 hivi. Joto likifika digrii 30, uzito huo hupungua hadi gramu 1,164. Unyevu huongeza hasara, kwa maana mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu yenye ujazo uleule. Kwa jumla, hewa ya alasiri ya kaskazi katika pwani ya Afrika Mashariki yaweza kuwa nyepesi kwa sehemu 6 katika kila 100, ikilinganishwa na hewa ambayo wahandisi wa Ulaya waliipigia hesabu.

Sehemu 6 katika 100 huonekana si kitu. Lakini hewa hiyo nyepesi hupunguza mambo matatu kwa pamoja: nguvu ya mbawa kubeba, msukumo wa rafadha, na nguvu ya injini yenyewe, kwani injini huunguza mafuta kwa hewa inayoivuta. Zaidi ya hayo, kinachoipandisha ndege ni ile nguvu ya ziada inayobaki baada ya kushinda ukinzani wa hewa na maji. Tuseme injini hutoa nguvu ya sehemu 100, na ndege huhitaji sehemu 80 ili tu isianguke. Ziada ni 20. Joto likiipunguzia injini sehemu 8, ziada hubaki 12. Injini imepoteza sehemu 8 katika 100, lakini uwezo wa kupanda umepotea kwa sehemu 40 katika 100. Ndege za mwaka 1915 zilikuwa na ziada ndogo sana tangu mwanzo. Ndiyo maana chombo kilichoruka vizuri Uingereza kilikwama katika maji ya Niororo.

Maji nayo yalikuwa na ukaidi wake. Boya linapoteleza juu ya bahari shwari hunatwa na maji, kama kigae kinavyonatwa na sakafu iliyolowa. Viwimbi vidogo huingiza hewa chini ya boya na kulibandua. Kwa hiyo rubani alikuwa baina ya mawili. Alfajiri hewa ilikuwa ya ubaridi na nzito, ila mara nyingi bahari ilikuwa shwari mno. Baadaye upepo ulipoamka na kuleta viwimbi, jua nalo lilikuwa limekwisha kuipasha hewa.

KUTOKA MABOYA HADI MAGURUDUMU

Suluhisho lilikuwa kuyaacha maji. Boya ni mzigo mzito na lina ukinzani mkubwa. Gurudumu ni jepesi. Waingereza walikata minazi na kusawazisha ardhi Mafia, wakapata uwanja wa kurukia. Mwezi Juni 1915 zililetwa ndege nne za magurudumu: mbili za Henri Farman na mbili za Caudron, zote za Kifaransa. Farman hizo zilikuwa na kiunzi cha chuma badala ya mbao. Chuma hakina gundi ya kuyeyuka, wala hakipindi kwa unyevu.

Majira pia yalikuwa yamegeuka. Kusi lilikuwa limeingia, na Juni na Julai ndiyo miezi ya ubaridi katika pwani hii. Hewa ile ile iliyowachosha marubani mwezi Februari ilikuwa sasa nzito zaidi. Kazi iliyoshindikana katika kaskazi ikawezekana katika kusi, kwa gharama ya hatari nyingine: ndege ya magurudumu ilipaswa kuvuka bahari baina ya Mafia na delta, na injini ikizimika njiani hapakuwa na boya la kuielea.

Mwezi huo huo wa Juni ziliwasili pia manowari mbili za mtoni, Severn na Mersey, zilizovutwa kwa kamba kutoka Malta. Zilikuwa zimejengwa Uingereza kwa ajili ya mito ya Brazil, kisha zikanunuliwa na serikali ya Uingereza vita vilipoanza. Ziliweza kuelea katika maji yenye kina cha chini ya meta 2, na kila moja ilikuwa na mizinga miwili ya inchi 6. Zilitia nanga Mafia, zikaanza kufanya mazoezi pamoja na ndege. Sasa palikuwa na mkono wa kupiga na jicho la kuona. Kilichobaki kilikuwa mshipa wa kuviunganisha.

JICHO, MKONO NA MSHIPA

Mshipa huo ulikuwa simu ya upepo. Katika kila ndege iliyotumwa kuelekeza mizinga paliwekwa mtambo mdogo wa kupeleka ishara, na waya mrefu ulioning'inia chini ya ndege ikiwa angani. Mtazamaji aligonga alama za Morse, na mtu aliyekuwa melini akazisikiliza. Ujumbe ulikwenda upande mmoja kwa redio, kutoka ndege hadi meli. Ilibidi ishara ziwe fupi na ziwe zimekubaliwa mapema: kombora limeangukia mbali, karibu, kushoto, kulia, au limepiga.

Asubuhi ya tarehe 6 Julai 1915 Severn na Mersey ziliingia katika mlango wa Kikunya na kuanza kupiga kutoka umbali wa karibu kilomita 10. Hazikuiona Königsberg hata kidogo, kwa sababu mikoko ilikuwa imesimama katikati. Königsberg nayo haikuziona, lakini watazamaji wake wa mitini waliielekeza kwa simu, na makombora yake yakaanguka karibu mno. Moja liliipiga Mersey na kuwaua mabaharia kadhaa. Hadi jioni, manowari mbili za Kiingereza zilikuwa zimepiga makombora zaidi ya 600, nayo yaliyofika shabaha yalihesabika kwa vidole. Königsberg ilibaki ikielea.

Kwa nini makombora mengi hivyo yalipotea? Sababu moja ilikuwa uchache wa ndege: ile iliyokuwa juu ilipolazimika kurudi Mafia kutia mafuta, wapigaji walibaki vipofu. Sababu nyingine ilikuwa ya kimsingi zaidi. Manowari mbili zilikuwa zikipiga kwa wakati mmoja. Mtazamaji aliona matope na maji yakiruka, lakini hakuweza kujua kombora hili ni la Severn au la Mersey. Akituma sahihisho, lilipokewa na meli isiyohusika, nayo iliyokuwa ikipiga vizuri ikapotoshwa. Mwanasayansi yeyote aliyewahi kubadili mambo mawili katika jaribio moja ataitambua shida hii.

Siku tano baadaye, tarehe 11 Julai, mpango ulikuwa tofauti. Meli moja tu ingepiga, na nyingine ingengoja zamu yake. Severn ilitia nanga na kuanza. Juu yake ilikuwa Farman ya Cull, mtazamaji wake akiwa H. J. Arnold. Kila mpigo wa mizinga ulifuatwa na ishara, na kila ishara ikafuatwa na mizinga kusogezwa kidogo. Baada ya mipigo michache makombora yalianza kuipiga Königsberg upande wa mbele.

Wakati huo huo kombora la Wajerumani lilipasuka karibu na ndege na kuiharibu injini. Ndege ikaanza kushuka bila nguvu, ikiteleza juu ya hewa tu. Wangeweza kujishughulisha na nafsi zao. Arnold aliendelea kugonga Morse. Alituma habari kwamba wamepigwa na kuomba mashua, kisha akatuma sahihisho la kusogeza makombora kutoka sehemu ya mbele ya manowari hadi katikati, penye mitambo. Muda mfupi baadaye Farman ilitua mtoni karibu na Mersey na kupinduka. Wote wawili waliokolewa.

Sahihisho la Arnold lilitosha. Milipuko ilifuatana ndani ya Königsberg, na moto ukaenea. Mersey ilichukua zamu yake, na ndege ya pili ikaja kuelekeza. Looff, ambaye mwenyewe alikuwa amejeruhiwa, aliamuru manowari yake iharibiwe kwa kichwa cha topido ili isichukuliwe na adui. Ililala juu ya matope ya Rufiji, baada ya miezi minane na zaidi ya kuwindwa. Mizinga yake yote 10 iliopolewa na Wajerumani na kutumiwa katika vita vya nchi kavu. Mmoja umehifadhiwa Fort Jesus, Mombasa, ambapo wageni huutazama hadi leo.

KITUO BAADA YA KAZI

Baada ya Julai 1915 kikosi cha Mafia kiligawanyika. Baadhi ya marubani, Cull akiwa miongoni mwao, walikwenda bara hadi Maktau, karibu na Voi, kuwatazamia wanajeshi wa nchi kavu. Ndege za maboya ziliendelea kutumikia meli kutoka Unguja na visiwa vya karibu na Mafia. Delta haikuacha kudai malipo yake. Mwezi Januari 1917 ndege ya Edwin Moon ililazimika kutua humo kwa sababu ya hitilafu ya injini. Yeye na mtazamaji wake, Richard Bridgeman, walitangatanga kwa siku kadhaa katika mito na mikoko. Bridgeman alifariki, na Moon akatekwa.

Robo karne baadaye pwani hii iliona tena vituo vya ndege za majini, kwa sababu nyingine. Mwezi Aprili 1942 ndege za Kijapani zilishambulia Colombo na Trincomalee katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka, na kundi la manowari za Kiingereza likahamia Kilindini. Miongoni mwa meli hizo zilikuwapo zile zibebazo ndege. Meli ya aina hiyo husaidia ndege kuruka kwa kukimbia dhidi ya upepo. Ikiwa ndege huhitaji mwendo wa kilomita 110 kwa saa katika hewa, na meli inakwenda kilomita 50 kwa saa kuukabili upepo wa kilomita 20, ndege hubakiwa na kilomita 40 tu za kujitafutia sitahani. Lakini meli ikitia nanga bandarini, msaada huo hutoweka, na ndege zote hufungwa ndani yake. Ndiyo sababu ndege hutangulia kuruka kwenda kituo cha nchi kavu kabla meli haijaingia bandarini.

Kituo kimojawapo kilikuwa Tanga, kuanzia 1942 hadi 1944. Kwa desturi ya jeshi la majini la Uingereza, kituo cha nchi kavu hupewa jina kana kwamba ni meli, na kile cha Tanga kiliitwa Kilele. Cha Kilindini kiliitwa Kipanga, na karakana ya ndege ya Nairobi ikaitwa Korongo. Uwanja wa Port Reitz, Mombasa, uliotumika wakati wa vita hivyo, ndio uliokuja kuwa uwanja wa kimataifa wa ndege wa mji huo.

FUNZO LA MAFIA

Historia ya kituo cha Mafia ni fupi, na vita vilivyokizaa vilikuwa vya wageni waliopigana katika nchi isiyo yao. Hata hivyo kinafundisha mambo matatu ambayo hayategemei vita. La kwanza ni kwamba chombo hupimwa mahali kitakapotumika. Ndege iliyosifiwa katika hewa ya digrii 15 haikuwa imethibitishwa kwa hewa ya digrii 30, na jambo hilo ni kweli pia kwa pampu ya maji, jokofu la dawa au mashine ya shambani. La pili ni kwamba jaribio lenye vigeugeu viwili halijibu swali: makombora zaidi ya 600 ya tarehe 6 Julai yalifanya kazi ndogo kuliko machache ya tarehe 11. La tatu ni kwamba kuona peke yake hakutoshi. Habari ina thamani pale inapomfikia anayeihitaji, katika lugha anayoielewa, kabla nafasi haijapita.

Leo delta ya Rufiji hutazamwa kutoka juu kuliko Cull alivyowahi kufika. Picha za satelaiti hutumiwa kupima eneo la mikoko, kuonyesha palipokatwa na palipoota upya, na kufuatilia jinsi mto unavyohamisha matawi yake. Mvuvi wa delta na mkulima wa mpunga wa kandokando yake wana haki ya kutazamia kwamba yale yanayoonwa na jicho hilo la juu yatawafikia nao kwa wakati.